PININ FARINA: FUNDI ALIYEYAVIKA MAGARI YA WENGINE

Katika ukurasa huu tumezoea kusimulia maisha ya majemadari, wafalme na wavumbuzi. Leo tumemchagua mtu ambaye hakuongoza kikosi, hakutawala nchi, wala hakuvumbua injini. Kazi yake ilikuwa kuyavika magari ya watu wengine. Hata hivyo, yeyote miongoni mwenu aliyepata kupanda Peugeot 404 au 504, gari ambalo wenyeji wa nchi zetu wamezoea kuliita Pijo, amekwisha kukaa ndani ya kazi ya nyumba yake, ingawa jina lake hakulijua.

Mtu huyo ni Battista Farina, maarufu kwa jina la Pinin. Tumeona yafaa maisha yake yasimuliwe kwa askari wa jeshi na polisi kwa sababu ndani yake mna swali linalomgusa kila mtu anayetumika: je, mtu ambaye kazi yake yote ni kutimiza mahitaji ya wengine aweza kubaki na heshima yake na uhuru wake? Bwana Farina alilijibu swali hilo kwa mikono yake kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini, na jibu lake, kama tutakavyoona, halikukosa gharama.

KUZALIWA KWAKE

Giovanni Battista Farina alizaliwa tarehe 2 Novemba, 1893, katika kijiji cha Cortanze, kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini ya Italia. Alikuwa mtoto wa kumi katika watoto kumi na mmoja. Kwa lugha ya watu wa Piemonte, Pinin ni jina la kumwita mtoto mdogo, na jina hilo likamganda hata uzeeni. Elimu yake ya darasani ilikuwa fupi. Mwaka 1906 kaka yake, Giovanni, alifungua karakana ya kuunda bodi za magari katika mji wa Torino, na Pinin akaingia humo angali mtoto, akajifunza kazi kwa kutazama, kuagizwa na kukosolewa.

Hapa hatuna budi kueleza ufundi huo ulivyokuwa, maana siku hizi umekaribia kutoweka. Askari aliyepata kulitunza gari la kikosi anajua kwamba gari lina mambo mawili: kuna mitambo inayolisukuma, na kuna bodi inayombeba na kumsitiri mtu. Siku zile mambo hayo mawili yaliuzwa mbalimbali. Kiwanda kilimwuzia tajiri chesisi tupu, yaani fremu yenye injini, usukani na magurudumu. Tajiri akaipeleka chesisi ile kwa fundi wa bodi, kama vile sisi tununuavyo kitambaa dukani na kukipeleka kwa fundi cherehani. Watu wawili walionunua chesisi za namna moja waliweza kutoka na magari yasiyofanana kabisa.

Fundi wa bodi alianza kwa kiunzi cha mbao. Kisha alichukua karatasi ya bati au aluminiamu, akaigonga kwa nyundo polepole hadi ikalala juu ya umbo lililotakiwa. Vipande viliungwa, vikapigwa tupa, vikapakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Wengi wa mafundi hao walitoka katika kazi ya kuunda magari ya farasi. Karakana zao zilisifika katika miji ya Torino, Milano, Paris na London, na kila moja ilikuwa na mkono wake, hata mjuzi aliweza kuitambua kazi ya fundi fulani akiwa ng'ambo ya barabara.

KIJANA NA BWANA FORD

Husimuliwa kwamba Pinin alikuwa bado kijana mdogo wakati Bwana Giovanni Agnelli, mkuu wa kampuni ya Fiat, alipotaka michoro ya sura ya rejeta kwa ajili ya gari jipya lililoitwa Fiat Zero. Kati ya michoro aliyoonyeshwa, alichagua ule wa Pinin. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, karakana iligeuzwa kufanya kazi ya vita, na Pinin akawekwa kusimamia uundaji wa ndege za kufundishia marubani. Katika ndege kila uzito usio na kazi ni adui, na somo hilo hakulisahau.

Mwaka 1920 alisafiri kwenda Marekani kuyaona kwa macho yake mambo aliyokuwa akiyasikia. Huko Detroit alionana na Henry Ford, ambaye viwanda vyake vilikuwa vikitoa magari kwa wingi ambao Ulaya haijapata kuuona. Bwana Ford alimpa nafasi ya kazi. Kijana wa Cortanze akakataa, akarudi kwao. Hakuona haya kwa udogo wa karakana aliyotoka, wala hakuudharau ukubwa wa kile alichokiona. Alirudi na fikra moja aliyoitunza kwa miaka mingi: kwamba siku moja kazi ya nyundo italazimika kupatana na kazi ya mashine.

Hakuwa mtu wa mezani tu. Mwaka 1921 aliendesha gari la Itala katika mashindano ya kupanda mlima kutoka Aosta hadi Gran San Bernardo, akashinda. Mbio zilikuwa katika damu ya ukoo ule: Nino Farina, mtoto wa kaka yake Giovanni, ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za magari za Formula One mwaka 1950.

KUSIMAMA KWA MIGUU YAKE

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tarehe 22 Mei, 1930, Pinin aliiacha karakana ya kaka yake na kuanzisha yake mwenyewe huko huko Torino, akaiita Carrozzeria Pinin Farina. Wakati ulikuwa mbaya kwa biashara. Miezi michache kabla yake, masoko ya fedha ya New York yalikuwa yameanguka na matajiri walikuwa wakifunga mifuko yao. Alisaidiwa kwa fedha za jamaa za mkewe, na tena na Bwana Vincenzo Lancia, mwenye kiwanda cha magari, aliyeiamini kazi yake.

Punde si punde chesisi za Lancia na Alfa Romeo zikaanza kuingia katika karakana hiyo, na baadhi ya wateja wakawa watu wa majumba ya kifalme. Lakini Bwana Farina hakutosheka na mapambo ya matajiri. Inasemekana alikuwa akitazama jinsi upepo wa milimani unavyoichonga theluji, ukiacha maumbo laini yasiyo na pembe. Aliona kwamba gari nalo hupambana na upepo, na kwamba lililo laini hukata upepo kwa nguvu ndogo zaidi. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 aliunda magari ya Alfa Romeo na Lancia Aprilia yenye migongo ya kuteremka na sura ya tone la maji. Wengine waliyaona ya ajabu. Yeye aliendelea kuondoa kile ambacho hakikuhitajika.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, starehe zilikoma na karakana ikaunda magari ya kubebea wagonjwa. Torino ilipigwa mabomu mara nyingi. Vita vilipomalizika mwaka 1945, Italia ilikuwa nchi iliyoshindwa.

MLANGO WA PARIS

Sasa tumefika mahali ambapo tungependa msomaji askari atulie kidogo. Mwezi Oktoba 1946 yalifanyika Paris maonyesho makubwa ya magari, ya kwanza tangu vita kwisha. Watengenezaji wa Italia hawakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa nchi yao ilikuwa imepigana upande wa Ujerumani. Bwana Farina alikuwa na magari mawili mapya, moja Alfa Romeo na moja Lancia Aprilia, nayo hayakuwa na mahali pa kuonyeshwa.

Mtu mwenye hasira angeandika barua za malalamiko. Mtu mnyonge angekaa nyumbani. Bwana Farina alishika usukani wa gari moja, akamkabidhi mwanawe Sergio gari la pili, kijana huyo akiwa na umri wa miaka 20 tu, wakavuka milima ya Alpi kwa barabara zilizoharibiwa na vita hadi Paris. Walipofika mjini waliyaosha magari yao, wakayang'arisha, wakayaegesha nje ya jengo la Grand Palais, karibu na mlango wa maonyesho. Barabara ni ya watu wote. Hawakuvunja amri yoyote.

Kila mtu aliyekwenda kuyatazama magari ya ndani alipita kwanza mbele ya magari ya nje, na wengi hawakupita upesi. Jioni baba na mwana waliyapeleka magari hayo mbele ya jumba la Opera ili watu wa matembezi ya usiku nao wayaone. Habari zikaenea mjini. Fundi aliyezuiwa mlangoni akawa anazungumzwa kuliko wengi walioalikwa.

Hatusemi kwamba waliomzuia walikuwa na makosa. Ufaransa ilikuwa imekaliwa na majeshi ya kigeni kwa miaka minne, na majeraha yalikuwa mabichi. Tunachosema ni kwamba Bwana Farina alitofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kushindwa kwa nchi yake na thamani ya kazi yake. La kwanza alilipokea kimya. La pili aliliacha lijitetee lenyewe kando ya barabara.

GARI KATIKA JUMBA LA SANAA

Mwaka uliofuata, 1947, karakana ya Pinin Farina ilitoa gari dogo lililoitwa Cisitalia 202, kwa ajili ya Bwana Piero Dusio wa Torino. Mitambo yake ilitokana na magari ya kawaida ya Fiat, na injini haikuwa kubwa. Michoro ya mwanzo ilikuwa na mkono wa mhandisi Giovanni Savonuzzi. Jambo jipya lilikuwa katika bodi. Hapo zamani gari lilikuwa mkusanyiko wa vitu: boneti peke yake, madigadi peke yake, taa zimesimamishwa mbele kama macho ya chura. Katika Cisitalia vyote viliyeyuka vikawa kitu kimoja. Boneti ilishuka chini kuliko madigadi, na taa zikazama ndani ya bati. Hapakuwa na pambo la kuificha kazi mbaya, maana kazi mbaya haikuwapo.

Mwaka 1951 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilichagua magari manane kuonyeshwa kama kazi za sanaa, na Cisitalia likawa mojawapo. Baadaye jumba hilo lililiweka gari la namna hiyo katika hazina yake ya kudumu. Bati lililogongwa kwa nyundo na mafundi wa Torino likawekwa chini ya paa moja na kazi za wachoraji na wachongaji mashuhuri.

Mwaka huo huo wa 1951 palitokea kisa ambacho Waitalia hupenda kukisimulia. Enzo Ferrari, mwenye magari ya mashindano kutoka Modena, alihitaji fundi wa bodi. Bwana Farina naye aliyataka magari ya Ferrari. Lakini wote wawili walikuwa watu wa fahari, na hapana aliyekubali kumfuata mwenzake nyumbani kwake. Mwishowe walikutana katika mji wa Tortona, ulio njiani kati ya Torino na Modena, wakala chakula pamoja, wakaelewana. Mwaka 1952 lilitoka Ferrari la kwanza lililovikwa na Pinin Farina, na ushirikiano huo ukadumu kwa zaidi ya miaka 60. Kijana Sergio ndiye aliyekabidhiwa kazi ngumu ya kuelewana na Bwana Ferrari.

HATARI ILIYOWAMEZA WENGINE

Wakati sifa hizo zinapaa, mauti ya ufundi wenyewe yalikuwa yakikaribia. Tangu mwaka 1922 kampuni ya Lancia ilikuwa imeonyesha, kwa gari lake la Lambda, kwamba gari laweza kuundwa bila chesisi ya peke yake, bodi yenyewe ikawa ndiyo mifupa. Baada ya vita viwanda vingi vilifuata njia hiyo. Mashine kubwa za kukandamiza bati zilitoa kwa dakika chache kile ambacho nyundo ilikitoa kwa siku nyingi. Pasipo chesisi tupu, tajiri hana cha kumpelekea fundi.

Karakana zikaanza kuanguka moja baada ya moja. Ile ya kaka yake Pinin ilifungwa mwaka 1953. Saoutchik wa Paris, aliyewavika matajiri wa Ulaya, alifunga mwaka 1955. Mulliner wa London alinunuliwa na Rolls-Royce mwaka 1959. Touring wa Milano, mabingwa wa bodi nyepesi za aluminiamu, walifikia mwisho wao mwaka 1966.

Bwana Farina aliokoka kwa sababu aliyakumbuka yale aliyoyaona Detroit. Aliamua kuuza vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa fikra: viwanda vikubwa vilinunua michoro yake na kuunda magari vyenyewe. Kampuni ya Nash ya Marekani ilifanya hivyo mwaka 1952, kisha Peugeot ya Ufaransa kwa gari la 403 mwaka 1955, kisha Austin na Morris za Uingereza tangu mwaka 1958. Cha pili kilikuwa magari ya idadi ya kati, yaani yale yaliyo mengi mno kwa nyundo lakini machache mno kwa kiwanda kikubwa. Alfa Romeo Giulietta Spider, gari dogo la wazi la mwaka 1955, lilihitajiwa kwa maelfu, hata karakana ya zamani ikawa haitoshi. Mwaka 1958 alihamia kwenye kiwanda kipya huko Grugliasco, nje kidogo ya Torino.

Si kila jambo lilikwenda vema. Gari la Nash-Healey lilipata injini yake Marekani, likaungwa Uingereza, likavikwa Torino, kisha likarudishwa Marekani kuuzwa. Safari hiyo ndefu ilipandisha bei mno, na mwaka 1954 liliachwa. Tena wachunguzi wa magari waliona kwamba Morris Oxford na Austin Cambridge za mwaka 1959, Fiat 1800 ya mwaka huo huo, na Peugeot 404 ya mwaka 1960 zilifanana mno, kana kwamba fundi cherehani amewashonea wateja watatu suti moja. Lawama hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Mtu anayewatumikia wengi huweza kujikuta akirudia alilokwisha kulisema.

KUTOKA TORINO HADI AFRIKA YA MASHARIKI

Hata hivyo ni gari hilo la 404 lililoileta kazi yake hadi kwetu. Katika mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1963, magari 84 yaliondoka na saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mshindi alikuwa Peugeot 404. Gari hilo lilishinda tena miaka ya 1966, 1967 na 1968. Sifa kubwa ni ya wahandisi wa Peugeot, walioipa miguu imara na injini isiyochoka. Lakini tusisahau kwamba katika gari lisilo na chesisi, bodi ndiyo inayolibeba shimo na jiwe. Kwenye barabara za matope na vumbi vya nchi zetu, mistari iliyochorwa na nyumba ya Torino ilipimwa kwa mizani ambayo hakuna jumba la sanaa linaloweza kuitumia.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1961 Bwana Farina alimkabidhi uongozi mwanawe Sergio, pamoja na mkwewe Renzo Carli. Mwaka huo huo Rais wa Italia, Giovanni Gronchi, alitoa idhini ya jina la ukoo kubadilishwa liwe Pininfarina, neno moja. Hivyo jina la utani la mtoto wa kijijini likawa jina rasmi la wanawe na wajukuu wake. Chuo cha ufundi cha Torino nacho kilimtunukia shahada ya heshima ya usanifu majengo, yeye aliyeingia karakana akiwa mtoto.

Mwezi Machi 1966 gari la mwisho linalohusishwa na mkono wake, Alfa Romeo Spider, lilionyeshwa Geneva. Tarehe 3 Aprili, 1966, alifariki dunia huko Lausanne, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 72. Siku chache tu baadaye, wakati wa Pasaka, Bert Shankland wa Dar es Salaam na mwenzake Chris Rothwell waliliongoza gari lao la 404 hadi ushindi wa Safari.

Sergio aliikuza nyumba hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1972 ilifungua handaki lake la kupimia upepo, ambalo gari zima liliweza kuwekwa ndani yake. Lakini udhaifu wa asili haukuondoka. Viwanda vikubwa vilijifunza kuchora vyenyewe na kuunda vyenyewe hata magari ya idadi ndogo. Kufikia mwaka 2008 nyumba ya Pininfarina ilikuwa imelemewa na madeni, na mwezi Agosti wa mwaka huo Andrea, mjukuu aliyekuwa akiiongoza, aliuawa katika ajali ya barabarani. Sergio alifariki mwaka 2012. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Mahindra ya India ilikubaliana kununua sehemu kubwa ya mali hiyo. Jina limebaki mlangoni, lakini ukoo si mwenye nyumba tena.

Basi tulirudie swali letu. Fundi wa bodi hana injini yake. Akikosa mwenye injini, hana kazi. Bwana Farina hakuuondoa ukweli huo, wala warithi wake hawakuweza. Lakini ndani ya mipaka hiyo alikataa mshahara wa tajiri aliye mkubwa kuliko wote, aliacha kivuli cha kaka yake wakati wa njaa, alisimama nje ya mlango uliofungwa bila kuuvunja wala kuukimbia, na alikubali mashine kabla mashine haijammeza. Wateja wake walimwagiza gari la kuvika. Namna ya kulivika alibaki nayo mwenyewe. Askari naye hupewa amri na zana asizozichagua. Ubora wa kazi yake hakuna anayeweza kumpa, wala kumnyang'anya.